Ushanga wa Murano na Ubao wa Lukasa: Historia ya Kioo katika Majumba ya Makumbusho

0. Utangulizi

Mtu anayeingia katika jumba la makumbusho lenye vyombo vya kioo huongozwa kwanza na macho yake. Huona bilauri za rangi ya samawati, mabakuli membamba kama ganda la yai, taa zenye matawi na maua, na pengine, katika kasha la pembeni, nyuzi chache za shanga. Mbele ya kasha hilo watu wengi hawakawii. Ushanga ni kitu kidogo, nasi tumezoea kufikiri kwamba kitu kidogo kina historia ndogo.

Katika makala haya tunakusudia kusimama mbele ya kasha hilo la pembeni. Tutachukua mfano wa jumba moja linalojulikana, yaani Museo del Vetro, Makumbusho ya Kioo ya kisiwa cha Murano karibu na Venezia, kisha tutaufuata ushanga uliotoka katika tanuri za huko mpaka Unguja, Ujiji na Urua, nchi ya Waluba, ambako chembe hizo za kioo zilibandikwa juu ya ubao wa kumbukumbu uitwao lukasa. Mwishoni tutarudi katika majumba ya makumbusho, kwa kuwa lukasa nayo imewekwa leo ndani ya makasha ya kioo, mbali na mikono iliyojua kuisoma.

Swali letu ni hili: ushanga ni mali ya historia ya nani? Ya yule aliyeuyeyusha, ya yule aliyeuchagua sokoni, au ya yule aliyeupa maana? Tutajitahidi kuonyesha kwamba majumba ya makumbusho yamejibu vizuri sehemu ya kwanza ya swali, yamejibu nusu tu ya sehemu ya pili, na kwamba sehemu ya tatu haiwezi kujibiwa pasipo uchunguzi wa lugha. Hapo ndipo wanafunzi wa Kiswahili na wa lugha nyingine za nchi yetu wana kazi ya kufanya.

1. Murano: tanuri, shule na makumbusho

Mwaka wa 1291 serikali ya Jamhuri ya Venezia iliamuru tanuri za kioo ziondolewe mjini zipelekwe Murano. Sababu inayotajwa sana ni hofu ya moto katika mji uliokuwa na nyumba nyingi za mbao. Lakini kukusanywa kwa mafundi katika kisiwa kimoja kulileta faida nyingine: ilikuwa rahisi kuwalinda, kuwahesabu, na kuwazuia wasipeleke siri za kazi yao katika nchi za kigeni. Fundi wa Murano aliheshimiwa sana, lakini hakuwa huru kwenda atakako.

Katika karne ya 15 mafundi hao walifikia ustadi ambao haukuwa na kifani Ulaya. Familia ya Barovier ndiyo inayotajwa mbele ya nyingine. Angelo Barovier husifiwa kwa kioo cheupe kabisa kilichofanana na bilauri ya mawe, na binti yake, Marietta, ndiye ambaye mapokeo ya kisiwa humtaja kuwa mbunifu wa ushanga uitwao rosetta, wenye tabaka za buluu, nyeupe na nyekundu zinazoonekana kama nyota pale ushanga unapokatwa. Katika Museo del Vetro mgeni huonyeshwa kikombe cha buluu, kilichopambwa kwa rangi za kuchomwa, kiitwacho Kikombe cha Barovier, cha nusu ya pili ya karne hiyo ya 15. Kikombe hicho kimepigwa picha mara nyingi mno. Ushanga wa rosetta umepata nafasi ndogo zaidi vitabuni, ingawa ndio uliosafiri mbali zaidi.

Jamhuri ya Venezia ilianguka mwaka wa 1797 mbele ya majeshi ya Napoléon. Baada ya hapo vyama vya mafundi vilivunjwa, soko la vyombo vya anasa likapungua, na ustadi mwingi wa kupuliza kioo ukaanza kusahauliwa. Kilichobaki kikiendelea kwa nguvu ni kazi ya shanga. Jambo hili linafaa kukumbukwa: katika miaka ambayo bilauri za fahari zilikosa wanunuzi, tanuri nyingi za Murano ziliendelea kuwaka kwa sababu watu wa Afrika, Asia na Amerika walitaka shanga.

Makumbusho yalizaliwa katika hali hiyo ya upungufu. Mwaka wa 1861 padri Vincenzo Zanetti, mwenyeji wa kisiwa, akisaidiana na meya Antonio Colleoni, alianzisha mahali pa kukusanya hati za historia ya Murano. Punde hati zilifuatwa na vyombo vyenyewe, vya kale na vya wakati ule. Mwaka wa 1862 ikaongezwa shule ya kuchora kwa ajili ya mafundi, na mwaka wa 1864 yakafanywa maonyesho ya kwanza ya kioo cha Murano. Basi makusanyo hayo hayakuanza kama burudani ya wageni. Yalikuwa chombo cha kufundishia: fundi kijana aliletwa mbele ya kazi ya babu yake ili ajifunze tena kile ambacho baba yake alikuwa amekisahau. Mwaka wa 1923 kisiwa kilipounganishwa na manispaa ya Venezia, makumbusho nayo yakaingia katika jamii ya makumbusho ya mji huo.

2. Kazi ya ushanga

Ili kuelewa thamani ya chembe moja, yafaa kujua jinsi ilivyofanywa. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na magadi na chokaa. Rangi hutokana na madini: shaba na kobalti hutoa buluu, shaba hutoa pia kijani na, ikiwa moto umeongozwa kwa uangalifu, hutoa nyekundu.

Kulikuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ilikuwa ya kuvuta. Fundi alichukua donge la kioo cha moto kwenye ncha ya chuma, akatia uwazi katikati, kisha mwenziwe akashika upande wa pili kwa chuma kingine. Hapo watu wawili walikimbia kila mmoja upande wake, na donge likanyooka kuwa mwanzi mwembamba wa makumi ya mita, nao uwazi ukabaki ndani yake kama tundu la majani ya mtama. Mianzi hiyo ilikatwa vipande vidogo. Vipande vilichanganywa na unga wa makaa na chokaa ili matundu yasizibe, vikazungushwa juu ya moto mpaka ncha zikawa duara, kisha vikapepetwa kwa chekecheke za matundu mbalimbali ili kutenga ukubwa na ukubwa. Shanga ndogo za namna hii huko Venezia ziliitwa conterie.

Njia ya pili ilikuwa ya taa. Fundi aliyeyusha ufito wa kioo mbele ya mwali wa moto, akauzungusha juu ya uzi wa chuma, na kuupamba kwa rangi nyingine tone kwa tone. Kila ushanga wa namna hii ulifanywa peke yake.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya wanawake. Waliketi mbele ya nyumba zao katika vichochoro vya Venezia, sinia ya mbao mapajani, wakichota shanga kwa sindano ndefu nyingi kwa mara moja na kuzitia katika nyuzi. Waliitwa impiraresse, yaani watungaji, na malipo yao yalikuwa haba. Sisi tunaozoea kuwaza kwamba upande wa Ulaya wa biashara hii ulikuwa wa matajiri tu, tutafakari mikono hiyo. Uzi uleule uliotungwa na mwanamke maskini wa Venezia ndio uliopimwa kwa mkono na mwanamke wa Ujiji.

3. Njia ya ushanga: kutoka Unguja hadi Urua

Katika karne ya 19 shanga za Venezia, pamoja na nyingine za Bohemia, zilifika Unguja kwa mapipa na magunia. Huko wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu waliziuza kwa wakuu wa misafara, nao wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walizibeba kupitia Bagamoyo na Tabora mpaka Ujiji, na kuvuka Ziwa Tanganyika. Richard Burton, aliyepita njia hiyo kati ya mwaka wa 1857 na 1859, aliandika kwamba kulikuwa na aina zipatazo 400 za shanga. Idadi hiyo inatosha kuonyesha kwamba wanunuzi hawakuwa watu wa kupokea chochote walichopewa.

Henry Morton Stanley alilielewa jambo hilo mwaka wa 1871 alipokuwa akijitayarisha huko Unguja. Alieleza kwamba shanga nyeusi zilikubaliwa Ugogo lakini hazikuwa na thamani mahali pengine. Kwamba shanga kubwa mfano wa yai, alizoziandika sungomazzi, zilikuwa fedha nzuri Ujiji na Uguha, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, lakini zingekataliwa kwingineko. Na kwamba zile nyeupe zilizoitwa merikani zilipendwa Ufipa lakini zingedharauliwa Uzigua na Ukonongo. Msafiri aliyekosea katika kuchagua angeweza kufika katikati ya nchi akiwa na magunia yaliyojaa na asipate hata unga wa siku moja.

Kwa hiyo masimulizi yale ya kwamba Mwafrika alidanganywa kwa vipande vya kioo visivyo na maana hayaelezi ukweli wote. Fundi wa Murano alibadilisha rangi na umbo kwa kufuata habari zilizotoka sokoni kwetu, wala hakuweza kufanya vinginevyo. Kadi za sampuli, ambazo shanga zilifungwa juu yake kwa safu na kwa namba, zilitengenezwa ili mfanyabiashara aweze kuagiza sawasawa na mahitaji ya wanunuzi wake. Kadi hizo, zinazohifadhiwa leo katika makumbusho mbalimbali ya Ulaya, zatakiwa kusomwa kama barua mbili kwa pamoja: barua ya muuzaji, na jibu la mnunuzi ambaye jina lake halikuandikwa.

Hata hivyo haifai kuipaka asali biashara hii. Njia zilizoleta shanga ndizo zilizotoa pembe za ndovu, na ndizo walizopitishwa watumwa. Ushanga uliweza kununua kuku, mtumbwi na mtama. Uliweza pia kuwa sehemu ya bei ya mwanadamu. Mwenye kuandika historia ya sanaa ya kioo na kuliacha jambo hilo ameandika nusu.

Majina ya shanga yanastahili kuangaliwa na mwanaisimu. Ushanga mwekundu wenye moyo mweupe uliitwa samesame. Burton anasema kwamba ulikuwa pia na majina ya sifa: kimara-p'hamba, alilolifasiri kuwa "kimaliza chakula", na kifunga-mugi, alilolifasiri kuwa "kivunja mji", kwa sababu wanawake waliutamani kiasi cha kuharibu nyumba. Kwa maoni yetu, katika jina hili la pili sikio la mgeni lilichanganya kitenzi kufunga na kitenzi kuvunja, kwa maana tafsiri yake mwenyewe inadai kivunja-mji. Mfano huu mdogo unatuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba watu walizungumza juu ya shanga kwa mzaha na kwa methali, kama wanavyozungumza juu ya vitenge hata leo, ambavyo kila mtindo hupewa jina lake na wanawake sokoni. Pili, kwamba majina hayo yametufikia kwa kalamu za wageni, nayo hayana budi kusahihishwa na watu wanaoijua lugha.

Verney Lovett Cameron alifika Ujiji mwaka wa 1874. Alikuta huko shanga ziitwazo sofi, mfano wa vipande vya shina la kiko, zikitumiwa kama fedha ya soko. Asubuhi watu wenye mifuko ya sofi waliwabadilishia wanunuzi kwa shanga za aina nyingine, na soko lilipofungwa walizirudisha kutoka kwa wauzaji. Ni kazi ya benki, ingawa haikuwa na jengo. Mwaka huohuo Cameron alifika Urua, katika makao ya mfalme Kasongo Kalombo, akawakuta wafanyabiashara wawili: Juma Merikani, aliyetoka pwani ya mashariki, na José Antonio Alvez, aliyetoka Bihé upande wa Angola. Nchi ya Waluba ilikuwa mahali pa kukutania bahari mbili, na kioo kilifika kutoka pande zote mbili.

4. Kioo kabla ya misafara

Lisidhaniwe kwamba kioo kilianza kuonekana Afrika siku ya kuja kwa misafara. Uchimbaji uliofanywa Unguja Ukuu umeonyesha kwamba shanga za kioo zilikuwa zikiletwa pwani kutoka Asia ya kusini tangu milenia ya kwanza, karne nyingi kabla ya Murano kupata jina. Kule K2, karibu na Mapungubwe katika Afrika Kusini, kiasi cha miaka elfu moja iliyopita, mafundi walikusanya shanga ndogo za kigeni, wakaziyeyusha, na kuzimimina katika kalibu za udongo ili kufanya shanga kubwa walizozitaka wao. Na huko Ile-Ife, Nijeria, utafiti uliochapishwa katika miaka ya 2010 umethibitisha kwamba kioo chenyewe kilitengenezwa pale pale, kwa mchanga na mawe ya nchi hiyo, kati ya karne ya 11 na ya 15.

Hapa kwetu Katanga, makaburi ya kale ya bonde la Upemba, yaliyochimbwa Sanga, kando ya Ziwa Kisale, mwaka wa 1957 na 1958, na tena na Pierre de Maret katika miaka ya 1970, yametoa vyungu, misalaba ya shaba, vito vya chuma na pembe, na pia kauri kutoka Bahari ya Hindi. Shanga za kioo zimeonekana vilevile katika makaburi ya bonde hilo, lakini kwa uchache. Watu wale walikuwa na shaba na chuma kwa wingi, wala hawakuwa na haja ya kioo ili kuonyesha utajiri. Kitu cha mbali kilithaminiwa kwa sababu ya umbali wake. Fikira hiyo ndiyo iliyoandaa mahali pa ushanga katika utamaduni wa Kiluba wa baadaye.

5. Lukasa: kioo kinachosomwa

Lukasa, jina ambalo hufasiriwa kuwa "mkono mrefu", ni ubao unaoweza kushikwa kwa mkono mmoja. Mara nyingi umbo lake ni mstatili uliobanwa kiunoni. Upande wa mbele hubandikwa shanga za kioo, kauri na vipande vidogo vya chuma. Upande wa nyuma huchongwa mapambo yanayokumbusha gamba la kobe. Mbao nyingine hazina shanga bali michoro mitupu. Mwenye mamlaka juu yake ni chama cha Mbudye, ambacho wanachama wake hupanda daraja kwa daraja, na ni wale wa daraja za juu tu wanaofundishwa kuusoma ubao kikamilifu. Katika baraza la mfalme walikuwako pia bana balute, watu wa kumbukumbu, waliotunza nasaba na habari za wafalme.

Msomaji hushika lukasa kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia hugusa chembe moja baada ya nyingine huku akisema au kuimba. Ushanga mmoja mkubwa waweza kuwa mtu: mfalme, au shujaa. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo waweza kuwa mfalme pamoja na baraza lake. Mstari wa shanga waweza kuwa njia, safari au uhamaji wa watu. Hivyo husimuliwa habari za Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu mwenye ukali, za mwindaji Mbidi Kiluwe aliyekuja kutoka mashariki na desturi mpya za ufalme, na za mwanawe Kalala Ilunga aliyemshinda Nkongolo. Lukasa huonyesha pia mpangilio wa makao ya mfalme: nani hukaa wapi, na nani hupita mlango gani.

Lakini lukasa si maandishi kwa maana ya herufi. Wasomaji wawili hawaelezi ubao mmoja kwa maneno yaleyale, na msomaji mmoja hausomi sawasawa mbele ya watu tofauti. Thomas Reefe, aliyeandika juu ya lukasa mwaka wa 1977, aliuita ubao huo chombo cha kumbukumbu. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, waliofanya utafiti kwa Waluba, walisisitiza baadaye kwamba kila usomaji ni tendo la kisiasa pia: kusema nasaba ni kusema nani ana haki ya kutawala. Shanga hazibadiliki mahali pake, lakini neno linalotoka kinywani hupimwa kwa wakati na kwa wasikilizaji.

Tutazame sasa jambo la ajabu lililotendeka. Chembe iliyotengenezwa kwa mamilioni, iliyopepetwa kwa chekecheke ili zote zifanane, imefika Urua ikapewa nafasi yake peke yake juu ya ubao, ikawa mtu mwenye jina. Fundi wa Murano aliifanya bila kujua itakwenda wapi. Mwana-Mbudye ndiye aliyeitoa katika wingi na kuitia katika historia.

Lugha nazo zimelitunza jambo hili. Kibemba husema ubulungu, Kiluba bulungu, na Kiswahili ushanga; katika vinywa vya wasemaji wengi wa Lubumbashi kiambishi u- hugeuka bu-, wakasema bushanga kama wanavyosema busiku na bukubwa. Haya ni maneno ya Kibantu. Lugha hizi hazikukopa jina la ushanga kutoka kwa waliouleta. Kinyume chake, bilauri tumelipata katika Kiarabu. Na kwa kioo cha kujitazamia, Kilingala husema talatala, kutoka kitenzi tala, na Kibemba icilola, kutoka kitenzi lola, vyote viwili vikiwa na maana ya kutazama. Kitu kigeni kilipoingia kilipewa jina kwa kufuata kile ambacho watu walikifanya nacho. Pengine hiyo ndiyo kanuni ya kuufahamu ushanga pia.

6. Maonyesho mawili

Tulinganishe maonyesho mawili. Mwaka wa 1996, katika Museum for African Art ya New York, yalifunguliwa maonyesho juu ya sanaa ya Waluba na kumbukumbu, yaliyotayarishwa na akina Roberts tuliokwisha kuwataja. Jina lake, Memory, lilitosha kueleza nia yake: vinyago, viti vya enzi, fimbo na lukasa havikuonyeshwa kama mapambo bali kama vyombo vya kuhifadhi na kutengeneza historia. Kwa wageni wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba ubao wa shanga unaweza kusomwa.

Maonyesho ya pili yalifanywa Murano kwenyewe, mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, chini ya jina Il mondo in una perla, yaani "Dunia ndani ya ushanga". Museo del Vetro, ambalo mwaka wa 2015 lilikuwa limepanuliwa na kuingia katika majengo ya kale ya kiwanda cha conterie, lilionyesha makusanyo yake ya shanga za kati ya mwaka wa 1820 na 1890, baada ya kuzipanga na kuzieleza upya. Miaka hiyo ndiyo hasa miaka ya misafara ya Ujiji na Urua. Kiwanda chenyewe cha Società Veneziana Conterie, kilichoanzishwa mwaka wa 1898 kwa kuunganisha watengenezaji mbalimbali, kilikuwa kimefungwa mwaka wa 1992. Sehemu ambayo ilijaa kelele za chekecheke sasa ina ukimya wa makasha.

Mwezi wa Desemba 2020 Italia na Ufaransa zilifaulu kuiandikisha sanaa ya shanga za kioo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Tunaifurahia heshima waliyopewa mafundi hao. Lakini tunajiuliza: ikiwa ustadi wa kutengeneza ushanga ni urithi wa wanadamu, ustadi wa kuusoma je? Maonyesho ya New York yalikuwa na msomaji lakini yalisema machache juu ya tanuri. Ya Murano yalianza na tanuri. Hakuna lililoziweka pamoja ncha mbili za uzi mmoja.

Swali hili linatugusa sisi zaidi, maana mbao nyingi za lukasa zinazojulikana duniani ziko nje ya Kongo, katika makumbusho kama Brooklyn Museum ya New York na katika mikono ya watu binafsi. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 makumbusho ya Tervuren yalikabidhi vitu 114 kwa makumbusho ya taifa ya nchi yetu. Baadhi ya vitu vya hazina ya Kinshasa viliibwa katika machafuko ya miaka ya 1990. Mwaka wa 2019 Kinshasa ilipata jumba jipya la makumbusho ya taifa, na mwezi wa Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren. Mazungumzo ya kurudisha vitu yamefunguka. Nasi twaomba jambo moja lisisahauliwe: orodha huandika "mbao, kioo, chuma", kisha vipimo kwa sentimeta. Haiandiki maneno. Ubao unaweza kurudi Katanga ukiwa mzima, usiwe na mtu wa kuusoma.

7. Hitimisho

Tumeufuata ushanga kutoka tanuri mpaka ubao, na kutoka ubao mpaka kasha. Tumeona kwamba mnunuzi wa Kiafrika hakuwa mtu wa kupokea tu. Uchaguzi wake ulifika mpaka Murano na kuongoza mikono ya mafundi. Tumeona pia kwamba kitu hichohicho kina historia mbili ambazo majumba ya makumbusho yamezoea kuzitenga, moja ikiwekwa katika makumbusho ya kioo na nyingine katika makumbusho ya Afrika.

Kuna kazi ambayo haihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi anayerudi likizo Kamina, Malemba-Nkulu au Kabongo anaweza kuwauliza wazee majina ya shanga, rangi kwa rangi, na sababu ya kila jina. Anaweza kuandika maneno yanayosemwa shanga zinapovalishwa mtoto, mganga au mfalme. Iwapo wenye Mbudye watakubali kusema, na kwa kiasi watakachokubali, basi maneno yao yaandikwe katika Kiluba chao wenyewe kwanza, tafsiri ije baadaye. Zanetti alikusanya bilauri ili vijana wa kisiwa chake wajifunze tena ustadi uliokuwa ukipotea. Alianza na karatasi chache katika chumba kimoja, na wazee waliojua kazi wakiwa bado hai. Sisi nasi tunao wazee wachache waliobaki, na miaka haiwangojei.